Sifuri Niliyoiandika Bila Kuuliza

Ijumaa, alasiri. Jua la Kismayo halina huruma leo, upepo unaleta mchanga mpaka ndani ya chai, na mtandao unakuja na kupotea. Naandika kwenye simu. Mtandao ukikubali nitayaweka haya hapa, ukikataa yatakaa humuhumu simuni.

Sijaandika tangu muhula uanze. Ningesema nimezidiwa na masomo, lakini shajara, mimi na wewe tumetoka mbali, sina haja ya kukudanganya. Kila nikifungua ukurasa mpya, neno la kwanza linalokuja ni upweke, na nimechoka kulisoma.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Mwanaheri, mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Nimezaliwa Mombasa kwa wazazi waliokimbia kutoka huku Kismayo vita vilipoanza. Nimerudi peke yangu kwa sababu kule chuo kiliniomba kitambulisho nisichokuwa nacho. Naishi na Shangazi Mwanakombo, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye pekee wa kwetu aliyerudi mjini hapa. Wengine wote niliobaki nao wako ndani ya simu. Kuna kundi letu la familia ambalo kila asubuhi hujaa picha za maua na dua, na mtu akiuliza habari yangu najibu "alhamdulillahi" na kuweka moyo mwekundu. Basi, tumeshaongea.

Chuoni tunasoma kwa Kisomali na Kiingereza. Kisomali changu ni cha jikoni na sokoni. Nikifungua mdomo darasani, vichwa vinageuka kwa upole, kama watu wanaomsubiri mtoto amalize kusoma ubao. Wenzangu si wabaya. Wananisalimia, wananiuliza kama nimeelewa, kisha wanakwenda kunywa chai pamoja, na mimi nimealikwa kwa namna ile ya kutoalikwa. Kwa hiyo nakunywa chai yangu nyumbani, na mchanga wake.

Sasa niseme kilichonileta.

Muhula huu tuna somo jipya, Utangulizi wa Tiba ya Ushahidi na Utafiti wa Afya. Mwanzoni nilifikiri ni somo la kukariri kama mengine. Kumbe ni somo la kuuliza. Mwalimu Deka, anayetufundisha, alituambia siku ya kwanza kwamba dawa haiwi nzuri kwa sababu bibi yako aliitumia, wala kwa sababu daktari bingwa ameisifu. Unaulizwa: mgonjwa ni nani, unamfanyia nini, unalinganisha na nini, na unategemea kuona nini? Halafu unakwenda kutafuta waliochunguza kabla yako, na unawasoma kwa jicho la kutoamini. Nilipenda mno. Nimelelewa katika nyumba ambamo mtoto akiuliza "kwa nini" anatumwa dukani.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa ndogo. Kila mmoja achague desturi moja ya kwao inayohusu afya, ahoji kina mama kumi na wawili, alete jedwali, kisha alilinganishe na yaliyoandikwa. Mimi nilichagua kitovu. Kwetu sisi Wabajuni mtoto akizaliwa hupakwa kitovuni samli iliyochanganywa na majivu, kikauke haraka na kudondoka. Ukisoma makala, nyingi zinaonya: majivu yanaweza kuingiza vijidudu, na kimojawapo huleta pepopunda, ule ugonjwa wa kukaza taya mpaka mtoto anashindwa kunyonya. Nilitaka kujua kwetu hali ikoje.

Fomu alitupa Mwalimu Deka mwenyewe. Swali la saba liliuliza: je, umewahi kupoteza mtoto katika siku zake za mwanzo?

Sikuliuliza.

Sikuliuliza hata mara moja. Nyumba kumi na mbili, na katika kila nyumba nilipofika swali la saba kalamu yangu iliandika sifuri, nikageuza ukurasa nikauliza la nane.

Nieleze, si kwa kujitetea. Kwetu mtoto akifariki kabla ya siku ya saba, kabla ya kunyolewa nywele na kuchinjiwa akika, anaoshwa, anaswaliwa, anazikwa, halafu hatajwi tena. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno, ila nimekua nikijua. Kumtaja ni kama kumlalamikia Aliyemchukua. Mama mwenyewe akiulizwa ana watoto wangapi, atawahesabu walio hai, na wewe msikilizaji utanyamaza hata kama ulikuwepo msibani. Sasa fikiria mimi, msichana ambaye hajaolewa, nimevua viatu mlangoni, nimekaribishwa mkate wa mofa na kahawa, nimeitwa mwanangu. Halafu nifungue mdomo nimuulize mama mtu mzima kuhusu maiti wake? Mwenzangu wa darasani angeuliza, kwa sababu hajui. Mimi nilijua, ndiyo maana nilishindwa. Niliona ni adabu.

Na kusema kweli kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma. Zile nyumba kumi na mbili ndizo mahali pekee katika mji huu ninapoingia na kueleweka kwa lugha yangu. Kina mama wale huniuliza baba anaendeleaje, huniambia nimefanana na bibi. Sikutaka mlango hata mmoja ufungwe.

Jumatatu nikawasilisha jedwali langu. Mistari imenyooka, rangi nzuri, kila mama amepaka samli na majivu, na safu ya mwisho sifuri, sifuri, sifuri mpaka chini. Nilihitimisha kwamba katika kina mama niliowahoji hakuna madhara yaliyoonekana.

Mwalimu Deka aliliangalia muda mrefu. Akaniuliza kwa utulivu, "Mwanaheri, hawa kina mama wanaishi Kismayo au peponi?"

Darasa lilicheka. Nami nilicheka, maana ungefanya nini. Yeye hakucheka. Alisema jedwali ambalo ndani yake hakuna aliyekufa humwambia msomaji habari za aliyeuliza, si za waliojibu. Alidhani kina mama walinificha. Alinishauri nirudi kwao, nibadilishe namna ya kuuliza, nimletee Jumatatu ijayo, la sivyo nitarudia somo. Nikaitikia kwa kichwa. Nilimwacha aamini kwamba wao ndio walioficha.

Ningeishia hapo, ningekuwa mwanafunzi mvivu tu, na Mungu husamehe wavivu. Lakini kuna Zuhura.

Zuhura ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Jina si lake, mwenyewe atajijua. Ni Mbajuni kama mimi, ameolewa mwaka jana, ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Kama nina rafiki mjini hapa ndiye huyo. Tunazungumza kwenye ukuta wa uani, yeye amekalia ndoo, mimi nimesimama kwenye jiwe. Mama mkwe wake ameshaweka kando samli ya mtoto na kikopo cha majivu yaliyochekechwa. Wiki mbili zilizopita Zuhura aliniambia kliniki wamemkataza, na nyumbani wamemwambia kliniki hawajui kitu, akaniuliza mimi ninayesoma nasemaje.

Nikamwambia nimehoji kina mama kumi na wawili na hakuna hata mmoja aliyedhurika.

Nilisema kwa sauti ya kitaalamu kabisa. Nilifurahi kuulizwa. Ni muda mrefu sijaulizwa kitu na mtu ambaye jibu langu lina maana kwake. Akashusha pumzi, akasema basi afadhali, hatagombana na mama mkwe.

Tangu Jumatatu nikimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, naingia ndani.

Leo asubuhi nikaamua. Kwanza nitajifunza kuliuliza swali lenyewe, halafu nitarudi nyumba kumi na mbili, halafu nitamkabili Zuhura. Na kujifunza nikaona nianze na Shangazi. Sababu yangu ilikuwa ya kioga: jibu lake nalijua. Shangazi hakujaaliwa. Kila mtu wa familia anajua hivyo. Mombasa mama yangu akimtaja husema "maskini, tasa yule," na baba hunyamaza. Mumewe wa zamani alioa tena kwenye kambi ya wakimbizi, akapata watoto wanne. Nikasema moyoni, huyu hana wa kumpoteza, swali halitamuuma, nami nitazoesha ulimi.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia nina fomu ya chuo, anisaidie nifanye mazoezi. Alifurahi, akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa wima kama anapigwa picha. Nikamsomea maelezo ya ridhaa: kwamba hakuna atakayejua jina lake, kwamba anaweza kukataa swali lolote, kwamba ana haki ya kujitoa wakati wowote.

"Nijitoe niende wapi," akasema, "na nyumba ni yangu?"

Tulicheka. Maswali ya mwanzo yakaenda vizuri, umri wake, kazi yake, alizaliwa wapi. Alizaliwa Fuma, kisiwani. Kufika la saba, nilikuwa nimelipanga upya nilivyoona ni heshima zaidi. Sikuuliza ana watoto wangapi, wala sikutaja kupoteza. Niliuliza, "Shangazi, umezaa mara ngapi?"

Kalamu ilishakuwa kwenye sifuri. Ilikuwa imebaki kuifunga tu.

"Mara mbili," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikamtazama. Alikuwa bado amekaa wima, ungo mapajani, na vidole vyake vinatafuta mawe kwenye mchele, vinayatoa, vinayatupa.

Mwalimu Deka alitufundisha kwamba mhojiwa akiguswa, usimkatize, usimfariji haraka, mpe muda. Mimi niliiweka kalamu chini, ile sifuri ikiwa bado wazi.

Akanisimulia bila kuniangalia. Wa kwanza alikuwa mvulana, alimzalia Fuma, mtoto mzima mwenye sauti. Mama yake, yaani bibi yangu, alichanganya samli na majivu, akampa yeye apake kwa mkono wake, kwa kuwa ni kifungua mimba na ilikuwa bora mama apake mwenyewe. Siku ya tano mtoto alishindwa kunyonya. Taya ilikaza. Siku ya sita walimzika. Wa pili alikuwa msichana, mwaka wa vita, walipokuwa wanakimbilia Ras Kamboni, mpakani mwa Kenya. Alikuja kabla ya siku zake. Hapakuwa na samli wala majivu, mwanamke asiyemjua alikata kitovu kwa wembe mpya, na hakikupakwa chochote. Akaishi siku mbili.

Baada ya hapo hakushika tena mimba. Watu waliomjua zamani walitawanyika, na waliokuja baadaye wakamwita tasa, naye akawaacha waseme. Aliniambia ilikuwa rahisi kuitwa tasa kuliko kuulizwa wako wapi.

Nikakumbuka mara ngapi nimelisikia neno lile nyumbani, na sikuwahi kuuliza.

Kisha akauweka ungo chini, na hapo ndipo aliponitazama.

"Mwanangu, wewe unasoma. Niambie kweli, usinionee haya," akasema. "Yule wa kwanza, mkono uliompaka ni huu. Ni mimi?"

Ningeweza kumwambia hapana, ni kudra. Kila mtu angemwambia hivyo, na ni kweli kwamba ni kudra. Lakini hakuniuliza kama mpwa. Na sikuweza kumwambia ndiyo, kwa sababu sijui. Hili ndilo jambo ambalo somo limenifundisha tangu wiki ya pili na sikulielewa mpaka leo jikoni. Makala zote zile, hesabu zote, zinasema juu ya watoto wengi kwa pamoja. Ukipaka majivu watoto wengi, wataugua wengi zaidi kuliko wasiopakwa. Zinaweza kukwambia ufanye nini kesho. Haziwezi kurudi nyuma zikamchukua mtoto mmoja aliyezaliwa Fuma, zikakwambia yeye hasa kilichomwua ni nini. Huenda majivu. Huenda kisu kilichokata kitovu. Huenda kitu kingine ambacho hakuna aliyekiona.

"Sijui, Shangazi," nikamwambia. "Na hakuna anayeweza kujua."

Nilidhani nimemvunja. Nikamweleza yote kwa Kiswahili cha kawaida, nikijikwaa, nikirudia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza mara mbili, una hakika hakuna anayejua, hata daktari mkubwa? Nikasema hata yeye.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Miaka yote hii najua ni mimi."

Alilia kidogo, kwa namna ya mtu asiyetaka kusumbua. Nililia zaidi yake. Kisha akasema mchele hautajichambua, tukachambua wote wawili mpaka ukaisha. Sijui nielezeje, ila tangu nifike mji huu sijawahi kuwa karibu na mtu kiasi kile, wala sijawahi kujiona mpweke kiasi kile. Tumeishi nyumba moja miaka miwili. Kila mmoja alikuwa peke yake chumbani kwake na kitu chake.

Kabla ya adhana ya Ijumaa nikatoka uani, nikapanda kwenye jiwe langu, nikamwita Zuhura.

Nilimwambia kila kitu kinachonihusu mimi, si cha Shangazi. Kwamba nilimdanganya. Kwamba wale kina mama sikuwauliza kabisa, niliandika tu. Kwamba kitovu kiachwe kikavu na safi, na kama kliniki wana dawa ya kupaka basi ni hiyo tu na si kitu kingine. Nikachungulia kama bado yuko. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, mikono juu ya tumbo, ananitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Nimeshamwambia mama mkwe wewe umekubali," akasema. "Sasa mchu atamwambia nini?" Akikasirika hurudi kwenye Kibajuni, na mchu ni mtu.

Nikasema nitakuja mimi nimwambie. Aliinuka taratibu, akabeba ndoo yake, akaingia ndani. Hakuna kosa alilofanya. Ningekuwa yeye ningebeba na lile jiwe langu la kuchungulia.

Mchana nilikwenda kwa mama mkwe wake baada ya swala. Alinisikiliza mlangoni, bila kunikaribisha. Alisema ana watoto saba na wote amewalea hivyohivyo. Nilitaka kumuuliza amezaa mara ngapi. Swali lilifika mpaka kwenye meno. Nikaona mlangoni kwa watu, nimesimama, yeye hajakubali kuulizwa, hapo si utafiti, ni ukatili. Nikamwambia nitarudi siku nyingine na fomu yangu, akipenda. Akasema tutaona. Kikopo cha majivu sijui kama kitatumika. Zuhura ana wiki tatu au nne.

Mwalimu Deka nimeshamwandikia. Nimemwambia kina mama hawakuficha, ni mimi sikuuliza. Bado hajajibu. Pengine nitarudia somo, pengine mwakani nitakuwa nimekaa na wanafunzi wapya ambao nao watanisalimia kwa upole na kwenda kunywa chai. Nimelifikiria, na linaniogopesha kidogo kuliko nilivyotegemea.

Shangazi amekuja muda si mrefu, amesimama nyuma yangu, akauliza naandika nini. Nikamwambia ni shajara yangu ya mtandaoni, nikamwambia pia kwamba yeye yumo, na kama hataki nitafuta. Akauliza husomwa na nani. Nikasema ukweli: karibu hakuna mtu. Akauliza kama kwenye fomu ya chuo nimewaandika wanawe. Nikasema nimeandika mbili. Akasema, mbili tu, bila majina? Nikamweleza kwamba fomu haina mahali pa majina, ndiyo sheria, ili mtu asijulikane.

"Vamejificha vya kutosha," akasema kwa Kibajuni chake, akimaanisha wanawe wawili. "Vaandike hapo."

Akanitajia mmoja mmoja, akasubiri nimalize kila herufi, akaniambia nimsomee alichosema, nikamsomea. Ndipo akaenda kutia maji jikoni.

Omari bin Shee, wa Fuma. Siku sita.

Mwanasiti binti Shee, wa njiani. Siku mbili.

Nimekaa nao hapa kwenye skrini, binamu zangu wakubwa ambao sikujua ninao. Kesho asubuhi naanza tena nyumba ya kwanza kati ya kumi na mbili. Nitavua viatu, nitapewa kahawa, nitaitwa mwanangu. Na nikishauliza, mama akinitajia wake, mimi nitakuwa na uso gani wa kumwandikia namba peke yake?